Uzi maalumu wa Zambia: ya kujua kabla hujavuka Nakonde

Mwana wa Mbeya

Wakuu, habari za majukumu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeizoea Zambia kama jirani wa ukuta mmoja, lakini wengi wetu tunaipita tu. Mtu anapanda basi Tunduma, anavuka mpaka na kuingia Nakonde upande wa Zambia, anavuta blanketi, anaamka Lusaka, kesho yake yuko njiani kwenda Johannesburg. Nchi ile inastahili mtu afunge safari kwa ajili yake yenyewe. Naweka hapa ninayoyajua, na wenye kuijua zaidi waongeze nyama.

Jambo ninaloomba lishikwe kuliko yote: chagua mwezi kwanza, ndipo uchague pa kwenda. Zambia ya Aprili na Zambia ya Oktoba ni kama nchi mbili. Mvua inaanza Novemba na kuishia Machi au Aprili. Juni mpaka Agosti ni kipupwe, na Lusaka iko juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi na usiku baridi inauma kweli. Mtu wa Dar asiende na mashati mepesi matupu. Septemba joto linapanda, na Oktoba ni tanuri.

Mfano mzuri ni Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya. Ukuta wa mwamba una upana wa meta 1,708 na kimo cha kama meta 108. Maji ya Zambezi huchukua muda kushuka kutoka juu, kwa hiyo hujaa baada ya mvua kwisha, kilele chake kikiwa Aprili. Mwezi huo ukisimama kwenye lile daraja la miguu wanaloliita Knife-Edge, manyunyu yanakupiga kutoka chini kwenda juu, makoti ya mvua yanayokodishwa getini yanashindwa, na maporomoko yenyewe huyaoni. Unaona weupe tu na kusikia ngurumo. Mwezi Oktoba na Novemba mambo yanageuka: upande wa Zambia sehemu kubwa inabaki mwamba mtupu. Watu wanalipa nauli, wanalipa kiingilio, wanakuta jiwe. Picha mnazoziona mitandaoni zinakuwa na mwezi wake, ila mwezi hauandikwi.

Anayetaka kuona maji na pia kuona mbele, aende Juni au Julai. Anayetaka kuogelea kwenye Devil's Pool, lile bwawa la ukingoni kabisa, asubiri maji yapungue, kama kuanzia katikati ya Agosti hadi Januari kutegemea mvua, na unakwenda na waongozaji wa pale tu. Maji yakiwa mengi na mwezi ukiwa mpevu, hifadhi hufunguliwa usiku watu waone upinde wa mvua unaotokana na mbalamwezi. Angalia tarehe za mwezi mpevu kabla ya kukata tiketi.

Nikipata nafasi nitaendelea na mpaka na usafiri.

Binti Kyela

Asante kaka, naweka kambi hapa. Mimi na dada yangu tunataka kwenda Livingstone kwa basi. Vipi kuhusu viza na chanjo? Na je, kweli mabasi ya kule hayatembei usiku?

Mwana wa Mbeya

Dada, Mtanzania hahitaji viza ya Zambia kwa matembezi. Wakenya pia hawahitaji. Beba pasi yenye muda wa kutosha, miezi sita na zaidi ndiyo salama. Mgeni wa matembezi huruhusiwa hadi siku 90 ndani ya mwaka, wa biashara siku 30. Ukigongewa muhuri, usiondoke dirishani kabla hujasoma siku ulizoandikiwa, maana afisa anaandika kutokana na jibu lako. Ukisema "nimekuja kutembea wiki mbili" unaweza kupewa hizo hizo.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi. Kuna siku hawaulizi, lakini siku wakiuliza huna pa kuitoa.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ni wa kituo kimoja tangu Oktoba 2019, yaani unagongewa kutoka Tanzania na kuingia Zambia ndani ya jengo moja. Foleni unayoiona barabarani ni ya malori, isikutishe. Abiria wa miguu anapita. Kinachosumbua ni vijana wa nje wanaojitolea "kukusaidia haraka". Huhitaji msaada wao. Pasi yako ishike mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Ukishavuka tu, rudisha saa nyuma saa moja. Zambia iko nyuma yetu. Halafu kule wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, hawana hii saa yetu ya kuanzia jua linapochomoza. Ukiambiwa basi linaondoka "tano", ni saa 11 alfajiri. Uliza, rudia, kisha andika.

Kuhusu usiku, ndiyo. Tangu mwishoni mwa 2016, baada ya ajali nyingi, Zambia iliweka kanuni kwamba mabasi ya abiria yasitembee kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Huku kwetu mabasi ya usiku yalirudi 2023, kwa hiyo watu wanasahau na kupanga hesabu kama vile wako Tanzania. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000: Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, Kabwe. Basi likichelewa kutoka mpakani, mtalala njiani, mara nyingi ndani ya basi lenyewe. Mpika usiku wa Julai kuna baridi ambayo kioo cha dirisha kinatoa jasho na miguu inakufa ganzi. Kitenge kizito au blanketi viwe ndani ya basi pamoja nawe, visiwe kwenye buti.

Lusaka hadi Livingstone ni kama kilomita 470, siku moja ya mchana kwa basi, kupitia Mazabuka kwenye mashamba ya miwa, Monze na Choma. Lami yake ni nzuri kuliko ya kaskazini.

Dereva wa Transiti

Naunga mkono mleta uzi. Niongeze kwa wanaokwenda na gari binafsi, maana njia hiyo ndiyo kazi yangu.

Bima ya Tanzania peke yake haitoshi. Chukua Yellow Card ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi, kutoka kwa kampuni yako ya bima kabla hujaondoka, Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilishatoka COMESA yenyewe. Kadi ya gari iwe halisi, na kama gari si lako, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Mpakani utapewa kibali cha muda cha kuingiza gari. Kichunge kama pasi, kwa sababu ukitoka bila kukirudisha, gari linaonekana bado liko Zambia na unadaiwa ushuru. Kuna tozo ya hewa ukaa na tozo za barabara, halafu mbele mageti ya barabara yanalipwa kwa kwacha. Reflekta za pembetatu mbili ziwepo, stika za kuakisi mwanga mbele na nyuma ziwepo.

Kipande cha kati ya Mpika na Serenje kimesumbua kwa mashimo miaka mingi. Mvua ikinyesha shimo linajaa maji, unadhani ni dimbwi la kawaida, kumbe tairi linazama hadi rimu. Msiendeshe usiku kule. Malori yanaharibika katikati ya barabara na wanachotega nyuma ni matawi ya miti. Ukiona majani mabichi yamelazwa kwenye lami, punguza mwendo hapo hapo, kuna gari limesimama mbele.

Nairobi Njiani

Sasa wadau, mimi niko Nairobi na nina wageni wawili wenye pasi za Uingereza. Wanataka kuona maporomoko pande zote mbili, Zambia na Zimbabwe. Mnashauri nini? Pia ile reli ya TAZARA bado inabeba abiria?

Mwana wa Mbeya

Karibu ndugu yetu. Wewe Mkenya huna shida, huhitaji viza Zambia wala Zimbabwe. Wageni wako: Zambia iliondoa viza ya utalii kwa raia wa Uingereza, Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2022. Zimbabwe bado inawatoza. Kama watakuwa wanaingia na kutoka mara kadhaa, waulizie viza ya pamoja iitwayo KAZA Univisa: dola 50, siku 30, inafanya kazi Zambia na Zimbabwe, na inaruhusu kwenda Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula na kurudi. Hiyo ya Botswana inafaa sana kwa wanaotaka kuona tembo wa hifadhi ya Chobe. Pale Kazungula sasa hakuna tena kusubiri pantoni, daraja lilizinduliwa Mei 2021. Lina urefu wa meta 923 na limepinda, limepindishwa makusudi lisiguse ardhi ya Zimbabwe.

Upande wa Zimbabwe unayaona maporomoko kwa mbele, kama picha ukutani, na maji yapo mwaka mzima hata kipindi cha ukame. Upande wa Zambia unakuwa karibu nayo mno, na unaweza kushuka korongoni hadi Boiling Pot, pale mto unapozunguka kwa hasira kabla ya kupita chini ya daraja la 1905. Kushuka ni rahisi, kupanda kunadai magoti. Mwenye siku mbili aone kote. Mwenye siku moja, na ni Oktoba au Novemba, avuke Zimbabwe bila kusita.

Nyani wa pale getini wameshazoea watu. Mfuko wa plastiki wenye kitu chochote wanauhesabu ni wao. Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu.

TAZARA: reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, na inakatiza maeneo ambayo barabara hazifiki. Lakini huduma ya abiria imekuwa ya kusuasua, na 2025 Wachina walisaini mkataba wa kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30. Msipange likizo juu ya ratiba mliyoisoma kwenye tovuti ya zamani. Piga simu au nenda stesheni yenyewe, Dar au Mbeya, uliza treni ya wiki hiyo. Likiwepo, kumbukeni linaishia Kapiri Mposhi. Lusaka bado iko kama kilomita 200 mbele, ni basi tena.

Kaka wa Kitwe

Mimi ni Mtanzania, naishi Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba. Mmeanza vizuri, ngoja niweke ya hela na simu.

Fedha ni kwacha. Machi 31, 2025 zilitoka noti mpya, zikiwemo za 200 na 500 ambazo hazikuwepo, na zile za zamani zilipewa mwaka mmoja tu wa kutumika pamoja nazo. Kwa hiyo kama una noti za kwacha ulizobaki nazo kutoka safari ya nyuma, usizitegemee kwa matumizi. Na kwa wanaobadilisha fedha kwa vijana wa mpakani, muwe makini kupewa za zamani. Badilisha kidogo tu pale, za kula na nauli, nyingine badilisha benki au duka la fedha mjini. Hesabu fanya mwenyewe kwenye simu yako kabla hujaachia shilingi, na noti zihesabie mkononi mwako, usikubali azihesabie tena yeye.

Laini za simu zinazojulikana zaidi ni Airtel, MTN na Zamtel. Unasajiliwa kwa pasi, palepale. Nunua kwenye duka la kampuni lenye nembo, maana laini ya barabarani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine itakufia siku huna mtandao. Ukishakuwa na laini, fungua na pesa za mtandaoni. Huku kila kona kuna kibanda cha wakala, na nauli, chakula, lodge, hata nyanya za sokoni zinalipwa hivyo.

Neno "lodge" lisiwatishe. Huku lodge ni gesti ya kawaida tu, mji mdogo unaweza kuwa nazo kumi. Kabla hujalipa uliza umeme. Baada ya ukame wa 2024 bwawa la umeme la Kariba lilikauka kiasi kwamba kuna maeneo mgao ulifika saa 20 na zaidi kwa siku. Hali imebadilika tangu hapo, lakini zoea la kuuliza "mna sola au jenereta?" libaki.

Lusaka mjini teksi za kuita kwa programu zipo, Yango ndiyo inayotumika sana. Usiku usitembee kwa miguu kutoka stendi ya Intercity. Wapiga debe wa pale wanachukua begi kabla hujajibu unakwenda wapi. Shika begi, tembea moja kwa moja hadi dirisha la tiketi.

Binti Kyela

Kaka wa Kitwe umenisaidia sana. Na chakula? Dada yangu ana vidonda vya tumbo.

Kaka wa Kitwe

Chakula hakitawasumbua. Nshima ni ugali wetu, laini kidogo kuliko wa Mbeya. Mboga ziko tele: ifisashi, yaani majani yaliyoungwa kwa karanga, ni laini na inamfaa dada. Kapenta ni dagaa, na samaki wa Kafue na Kariba ni wazuri. Vitumbuwa mtavikuta asubuhi barabarani, ila ni vya ngano, si hivi vya mchele vya kwetu. Viwavi vilivyokaushwa vinauzwa kwa ndoo, wenyeji wanavipenda na vina utamu wake vikikaangwa na nyanya.

Mkipita barabara ya kaskazini kipindi cha mvua mtaona kina mama wameshika uyoga mkubwa kama mwavuli, wanauinua juu basi likipita. Si mchezo, upo uyoga wa kwenye vichuguu unaofikia karibu meta moja upana. Ukipata wa kukupikia, usiukose.

Maji kunyweni ya chupa au yaliyochemshwa, hasa Desemba hadi Machi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2023 uliua zaidi ya watu 700, wengi Lusaka. Malaria ipo nchi nzima, chandarua na dawa za kinga zungumzeni na daktari. Na hili la dawa sikilizeni vizuri: dawa zenye diphenhydramine, ambazo zimo kwenye baadhi ya dawa za mafua, kikohozi na mzio, Zambia ni dawa zinazodhibitiwa, na kuna wageni walishakamatwa nazo. Dawa zote ziwe kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari kiwepo.

Dereva wa Transiti

Na picha. Msipige picha madaraja, kambi, askari wala vituo vya umeme. Mtu anatoa simu kwenye daraja la mto Chambeshi kwa nia njema, anaishia kujieleza nusu saa.

Mwana wa Mbeya

Ahsante mzee kwa kuitaja Chambeshi, kwa sababu hapo ndipo nilitaka kufika. Watu wanakimbilia Livingstone na kuruka kaskazini yote, wakati kaskazini ndiyo jirani yetu hasa na ndiyo inayonigusa mimi.

Pale Chambeshi kuna mnara wa kumbukumbu. Novemba 14, 1918 ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipopata habari kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha Ulaya siku tatu kabla. Alijisalimisha Novemba 25 Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Nyuma yake walikuwepo askari na wapagazi waliotoka huku kwetu, waliotembea kutoka Tanganyika hadi Msumbiji na kurudi. Babu zetu wengine walifika hapo kwa miguu. Mtanzania anayepita na gari akasimame.

Mbala ndiyo njia ya kwenda Kalambo, maporomoko yanayoanguka zaidi ya meta 200 kwa mkupuo mmoja, mto ukiwa ndio mpaka wetu na Zambia. Unaweza kuyaona kutoka Rukwa, na unaweza kuyaona kutoka Mbala. Juu ya maporomoko hayo wataalamu walifukua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, na mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri wa miaka kama 476,000. Kwa anayetoka Sumbawanga, mpaka wa Kasesya ni mtulivu kuliko Tunduma, ila usafiri ni wa kubahatisha. Beba maji na uanze safari asubuhi na mapema.

Kingine ni hifadhi ya Kasanka. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, popo wanaokula matunda, wanaokadiriwa kufika milioni 10, wanakusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu wa kinamasi. Ukitoka Mpika, kabla ya Serenje unakata kulia kuelekea Mansa. Jua likizama wanaondoka wote kwa pamoja, na anga inakuwa nyeusi inayotembea kwa muda mrefu. Novemba ndio mwezi wake. Ona jinsi ilivyo: mwezi ule ule ambao Livingstone upande wa Zambia hakuna maji, Kasanka ndiko kwenye maajabu. Ndiyo maana nasema mwezi kwanza.

Hifadhi ya Luangwa Kusini nayo, kwa wapenda wanyama, iko Mfuwe upande wa mashariki, inafikika kupitia Chipata. Huko safari ya kutembea kwa miguu na askari wa wanyamapori ndiyo sifa yao. Kiangazi wanyama wanasogea mtoni, masika barabara nyingi za ndani zinafungwa kwa tope.

Nairobi Njiani

Mkuu, kwa wageni wangu wa Julai, siku kumi, ungepanga vipi?

Mwana wa Mbeya

Julai usiwapeleke Kasanka kwa ajili ya popo, hawapo. Washukie Lusaka kwa ndege, walale siku moja, mwende Livingstone kwa barabara mchana. Siku nne Livingstone: moja upande wa Zambia, moja Zimbabwe, moja Chobe, moja ya kupumzika na kuona Makumbusho ya Livingstone mjini. Siku zinazobaki rudini Lusaka muwapeleke Luangwa, kwa ndege ndogo ya Mfuwe kama mfuko unaruhusu, kwa sababu kwa barabara utatumia siku nzima kwenda na nyingine kurudi. Nafasi za Julai hujaa mapema, shikeni miezi kadhaa kabla. Na waambie wabebe masweta, gari la wazi la alfajiri kule Luangwa lina baridi ya kutetemesha.

Binti Kyela

Sisi basi tunakwenda mwishoni mwa Juni. Swali la mwisho: salamu zao zikoje, tusije tukaonekana hatuna adabu?

Kaka wa Kitwe

Kaskazini na Copperbelt ni Kibemba, mnasema "muli shani". Lusaka na mashariki ni Kinyanja, "muli bwanji". Livingstone ni Kitonga na Kilozi, lakini Kinyanja na Kiingereza vinapita. Kwa mkubwa piga makofi mepesi mara mbili, viganja vimekunjwa kidogo, na goti likilegea kidogo hakuna atakayekusahau. Nakonde na Mpulungu Kiswahili mtakisikia sana. Msianze na shida yenu kabla ya salamu, hata kwa dereva teksi. Mkifika Kapiri mnijulishe, kama niko njiani nitawaelekeza basi.